Mbio na Jembe

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wenzangu hulicheka bwenini, yaani kwamba mchakamchaka wa Jumamosi uishie shambani kwa wazee badala ya kuishia bwenini.

Katika shule nyingi mbio zina heshima, lakini jembe ni adhabu. Aliyeshinda mbio hupigiwa makofi. Aliyechelewa kengele hupewa jembe. Basi mwanafunzi humaliza kidato cha nne akidhani kulima ni malipo ya makosa, na huku ugali alao umelimwa na mama asiyemkosea mtu.

Hapa Tabora dhana hii ni ya ajabu zaidi. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua mizigo ya ratili 60 na zaidi katika njia ya Bagamoyo na Ujiji, walikuwa wakulima pia. Wengi walisafiri kiangazi wakarudi makwao kulima mvua zilipokaribia. Tena jembe la chuma lilikuwa bidhaa ya thamani, hata mahari ililipwa kwa majembe. Mtu mwenye miguu ya safari hakuona haya kushika mpini.

Mwezi wa Agosti sisi watano tulijaribu. Tulikimbia kwa njia ya Kwihara, liliko tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, yapata kilomita 6 kutoka mjini. Kabla ya kufika huko tuliingia kwa bibi mmoja aishiye peke yake, tukaomba kumwinulia matuta ya viazi vitamu. Akatutazama sana, kisha akauliza, “Wajukuu zangu, mmekosa nini huko shuleni?” Ilitubidi kuapa kwamba hatukukosa neno. Hata hivyo alitusimamia, na tuta moja lililokuwa jembamba akaamuru livunjwe liinuliwe upya. (Mwalimu wetu wa kilimo angempenda.)

Jambo hili si geni duniani. Huko London, tangu mwaka 2009, kuna chama kiitwacho GoodGym. Wanachama hukimbia pamoja hadi kwenye bustani ya mtaa au nyumbani kwa mzee, hufanya kazi, kisha hukimbia kurudi. Sisi tunao mchakamchaka, na wazee wenye mashamba wako karibu kuliko uwanja wa mpira wa mjini.

Wazazi watasema tumeletwa kusoma. Ni kweli, lakini saa ile ya Jumamosi tayari ni ya mbio. Tukipunguza mwendo kidogo, nusu yake yatosha kwa jembe. Ninaloliogopa mimi ni jingine: kwamba waalimu watalipenda wazo hili mno. Siku mwalimu wa zamu atakapoita majina na kuwaandika wasiokwenda, jembe litakuwa limerudi kuwa adhabu, na bibi yule atapata matuta membamba ya watu wenye hasira. Waende wanaotaka tu, hata wakiwa sita.

Kadhalika, tusikimbie na majembe mabegani, maana mtu akijikwaa atamjeruhi mwenzake. Balozi wa pale amekubali kututunzia majembe manne nyumbani kwake.

Shida iliyobaki ni ya kalenda. Mvua zetu huanza Novemba, na mwezi huo sisi wa kidato cha nne tutakuwa katika mtihani wa taifa, kisha twaondoka. Hatutaiona palizi. Tukimwachia bibi matuta mengi asiyoweza kuyapalilia peke yake, tutakuwa tumemwongezea kazi, na ingalikuwa heri tusingalifika kwake. Kwa hiyo nawaomba wa kidato cha pili na cha tatu, nanyi mbaki wakati sisi tumekwenda: Jumamosi ijayo, saa 12 asubuhi, langoni. Njooni mwonyeshwe njia, na bibi awajue nyuso.