Injini Ilinyweshwa, Abiria Je?

Mwaka jana nikirudi kutoka TP nilipanda treni ya masafa marefu, daraja la tatu. Si kwamba naipenda sana reli. Bumu lilikuwa limekata na nauli ya basi ilinishinda. Njia sitaitaja.

Kulipokucha, maji ya chooni yalikuwa yameisha. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa na mtoto anayeharisha. Akamuuliza mhudumu, akajibiwa, "Vumilia dada, mpaka stesheni kubwa." Tukafika stesheni kubwa, tukasimama zaidi ya saa moja tukisubiri kupishana na treni nyingine. Bomba lilikuwepo, hatua chache tu kutoka kwenye behewa letu, na lilikuwa linatoa maji. Kilichokosekana ni mpira na mtu wa kuushika. Yule dada akanunua maji ya chupa dirishani, akamnawisha mwanawe kwa maji ya kunywa.

Tangu siku ile najiuliza: treni husimama kwa ajili ya nani?

Zamani jibu lilikuwa wazi. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ni reli ya enzi za mvuke. Injini ya mvuke ilikuwa mnywaji hasa. Ikikosa maji haisogei, na boila likikaukiwa huku moto unawaka linaweza kulipuka. Kwa hiyo mwenye reli alilazimika kujua kabla ya safari maji yako wapi, na tangi liko stesheni gani. Kwa jirani zetu wa Kenya, reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipopita nyika kavu ya Taru, maji yalibidi yabebwe kwa treni. Hata Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi.

Yaani kiu ya mashine ilipigiwa hesabu tangu mwanzo.

Ikaja dizeli. Kichwa cha dizeli hujazwa mafuta, kikaenda mbali bila kuomba maji kila baada ya stesheni chache. Mwaka 2024 ikaja treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ambayo haijazwi mafuta kabisa. Mashine imepona kiu. Binadamu hajapona. Bado anakunywa, anakwenda haja, ananawa. Msichana aliye kwenye siku zake anahitaji maji safarini, iwe reli ya mkoloni au ya kisasa.

Na kuna upande wa pili ambao hatupendi kuutaja: kinachotoka. Kwenye mabehewa mengi ya zamani choo ni tundu, ukichungulia unaona mataruma yanapita. Sisi tunaondoka, uchafu unabaki njiani. Wanaoukuta ni mafundi wa njia wanaokaza reli kwa mikono, na watoto wanaofuata reli kwenda shule. Kesho mimi na wewe ndio tutakuwa walimu wa watoto hao.

Dawa ipo. India, yenye moja ya mitandao mikubwa ya reli duniani, ilikuwa na vyoo vya tundu hivyo hivyo. Ikaweka kwenye mabehewa yake vyoo vyenye tangi chini, ambamo bakteria huvunjavunja kinyesi. Lakini tusidanganyike kwamba kununua behewa jipya kunamaliza kazi. Choo cha tangi la kawaida kinahitaji kunyonywa stesheni. Tangi likijaa, choo kinafungwa. Bila mpira, gari la kunyonya majitaka, na mfanyakazi mwenye glavu na gambuti, behewa la kisasa nalo litanuka.

Kuna wanaosema abiria wenyewe ni wachafu. Wapo, sikatai. Lakini mimi nasomea ualimu, na jambo moja nimelishika: huwezi kumfundisha mtu kunawa kwa bango la "Nawa Mikono" juu ya bomba kavu. Weka maji kwanza, ndipo umlaumu.

Wengine watasema kusimama kujaza maji kutachelewesha safari. Jamani, kwenye njia moja ya reli treni tayari zinasimama kupishana. Muda upo. Tunaupoteza tukiangaliana na bomba.

Ninachoomba si kikubwa. Kila stesheni ambako treni husimama muda mrefu iwe na mpira wa maji safi, usiotumika kabisa kwa kazi ya choo. Matangi ya mabehewa yakaguliwe kabla ya kuondoka, kama breki zinavyokaguliwa. Watu wa usafi wapewe vifaa na mishahara inayolingana na kazi yao. Na serikali yetu ya wanafunzi, inapoandika barua kuomba nafuu ya nauli wakati wa likizo, iongeze mstari mmoja wa maji. Nauli nafuu isiwe kisingizio cha kutusafirisha kama mizigo.

Injini ya mvuke isingekubali kuambiwa "vumilia mpaka stesheni kubwa." Ingezimika hapo hapo, na wakubwa wangekuja mbio. Abiria hazimiki, anavumilia tu. Ndiyo maana anasahaulika.