Kabla ya Kufunga Mizigo kwenda Lusenga

Apangaye safari ya miguu katika hifadhi ya taifa huanza na viatu na chupa ya maji. Heri aanze na swali: hifadhi hii ni mali ya nani?

Lusenga Plain, karibu na Ziwa Mweru, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1972. Hata hivyo, majangili waliwamaliza karibu wanyama wake wote, hata ikabidi wengine waletwe kutoka kwingine. Sheria ilikuwapo, macho ya wenye mali ndiyo yaliyopungua.

Basi mwalimu wa Mwansabombwe atakaye kuwapeleka wanafunzi wake na achague kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Aiandikie mapema Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori, aombe askari wa kufuatana nao. Mwongozaji atoke vijiji vya jirani, alipwe haki yake. Ada ilipwe kwa risiti. Njiani kuelekea Kawambwa wapumzike kwenye maporomoko ya Ntumbachushi. Wakiweza, wafike pia Lumangwe, katika mto Kalungwishi unaomwaga maji yake Mweru.

Wengine watasema gharama ni kubwa kwa shule za vijijini. Ni kweli, ndiyo maana wazazi na halmashauri hawana budi kuchangia. Mtu hulinda akijuacho. Kijana aliyeikanyaga Lusenga kwa miguu yake hatanyamaza aonapo nyama ya porini ikiuzwa kwa siri.