Avumaye Baharini Papa, Kumbe Wengi Wapo

Waulize wapenzi wa muziki wa roki kama wanaijua bendi ya Queen ya Uingereza, nao watakujibu upesi kwamba wanaijua sana. Ukizidi kuwadadisi utakuta kwamba wengi wao wanachokijua ni santuri moja tu, nayo ni ile iitwayo Greatest Hits, iliyotolewa mwezi wa Oktoba 1981. Mimi sina ugomvi na santuri hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wanaodhani kwamba mtu akisha kuisikiliza basi amemaliza kazi.

Kwanza tuipe haki yake. Wahenga walisema kivumacho hakidumu, lakini santuri hii imewasuta. Nchini Uingereza hakuna iliyouzwa kuishinda. Mwaka 2014 ilikuwa ya kwanza nchini humo kupita nakala milioni 6, na mwaka 2022 ikafikia milioni 7, ukijumlisha na hesabu ya wanaosikiliza kwenye intaneti. Waliozaliwa baada ya mwimbaji Freddie Mercury kufariki tarehe 24 Novemba 1991 sasa ni watu wazima, na bado wanaitafuta.

Wako wataalamu wanaozibeza santuri za namna hii, wakisema kuwa ni viporo vilivyopashwa moto ili tajiri wa kampuni apate faida mara mbili. Neno hilo silikubali. Mwenye mfuko mwepesi naye ana haki ya kustarehe. Kufikia mwaka 1981 Queen walikuwa wamekwisha kutoa santuri kubwa 9, na katika hii moja mnunuzi anapata nyimbo 17 zilizotolewa katika 8 kati ya hizo. Tena si nyimbo za ladha moja. Inafunguliwa na Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975, ambayo inakaribia dakika 6 na ndani yake mna opera nzima. Mara tu ikimalizika, linaingia gitaa la besi la John Deacon katika Another One Bites the Dust, wimbo wa kuchezwa uliofika nambari ya kwanza Marekani mwaka 1980. Ni bendi ngapi zinazoweza kuziweka nyimbo kama hizi mbili pamoja zisigombane?

Lakini je, ni nani aliyezichagua nyimbo hizo? Hapo ndipo penye neno. Sisi hupenda kulitafsiri jina la santuri hii kuwa "nyimbo bora", kumbe maana yake hasa ni nyimbo zilizovuma, yaani zile zilizotolewa kwenye santuri ndogo zikauzwa sana madukani. Mizani iliyotumika ni ya muuza duka. Ushahidi ni kwamba mwaka uo huo wa 1981 santuri yenye jina hilo hilo ilitolewa Marekani ikiwa na orodha nyingine. Wamarekani walipewa Under Pressure, wimbo ambao Queen waliimba na David Bowie, hali Waingereza walingoja mpaka Greatest Hits II ya mwaka 1991 ndipo wakaupata katika mkusanyiko. Ikiwa wimbo ni bora, ubora wake hauwezi kubadilika kwa kuvuka bahari ya Atlantiki!

Sasa tazama waliosahauliwa na mizani hiyo. Queen walikuwa wanne, na wote wanne walikuwa watunzi. Katika zile nyimbo 17 za toleo la Uingereza, 10 ni za Mercury, 5 ni za mpiga gitaa Brian May, na 2 ni za Deacon. Roger Taylor, mpiga ngoma, hana hata mmoja. Msikilizaji wa santuri hii peke yake atadhani kwamba Taylor kazi yake ilikuwa kupiga ngoma na kuitikia tu. Kumbe upande wa pili wa santuri ndogo ya Bohemian Rhapsody ulikuwa na wimbo wake, na mwaka 1984 ndiye aliyetunga Radio Ga Ga.

Umeachwa pia wimbo wa '39, ambamo May anasimulia habari za wasafiri wa angani wanaorudi nyumbani na kukuta vizazi vimepita. Umeachwa Love of My Life, ambao maelfu ya watu wa Amerika ya Kusini waliuimba viwanjani pamoja na Mercury. Umeachwa na Mustapha, unaofungua santuri ya Jazz ya mwaka 1978, ambao sauti yake ni ya Mashariki kuliko ya London.

Huo wa mwisho unatuhusu. Sisi wa upande huu wa Afrika hupenda kujigamba kwamba Mercury alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Kujigamba si vibaya. Lakini ni ujamaa gani huo, wa kudai kwamba mtu ni wetu ilhali tunazijua nyimbo zake 10 tu, na hizo tumechaguliwa na wafanya biashara wa Uingereza?

Basi, msomaji, ushauri wangu ni mfupi. Inunue Greatest Hits, wala usione haya mbele ya wataalamu. Isikilize mpaka upate wimbo mmoja unaokugusa moyo kuliko mingine, kisha uitafute santuri ulikotoka wimbo huo. Kama umeipenda Bohemian Rhapsody, tafuta A Night at the Opera, na humo utakutana na '39, na Love of My Life, na hata ule wimbo wa Taylor. Papa umekwisha kumwona. Sasa ingia baharini uwatazame wengine.