Hisabati ni lazima, lakini nani kasema iwe adhabu?

Aprili 2025, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba Hisabati itakuwa somo la lazima katika Sekondari ya Juu. Awali, mwanafunzi asiyechagua mkondo wa sayansi angeruhusiwa kuliacha. Sasa wa sayansi anapewa Hisabati nzito, wenzake nyepesi kidogo. Poa. Lakini agizo la wizara litamfikisha mtoto darasani tu. Kulipenda somo ni stori nyingine, na wewe uliyeapa hutaki tena kuona kitabu cha logi unajua ninachosema.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba shuleni tunapewa fomula kabla hatujaihitaji. Mwalimu Mwingereza Colin Hughes aliligeuza jambo hilo mwaka 2001 alipoanzisha Project Euler. Ni mafumbo ya hesabu, sasa zaidi ya 900, ambayo unayatatua kwa kuandika programu ya kompyuta. Ni ya bure.

Cheki la kwanza: jumlisha namba zote chini ya 1,000 zinazogawanyika kwa 3 au 5 bila baki. Programu ya mistari mitatu inamaliza kazi kufumba na kufumbua. Rahisi, sivyo? Sasa badala ya 1,000 weka trilioni moja. Programu ileile itasaga hadi simu ipate moto, na wewe ulale ikiendelea.

Hapo ndipo unaanza kuitafuta hesabu mwenyewe. Chukua zile za 3 pekee, kuanzia 3 hadi 999. Ya kwanza na ya mwisho ni 1,002. Ya pili na ya pili kutoka mwisho, 6 na 996, pia 1,002. Kumbe! Zipange jozi jozi, zidisha, ongeza 501 iliyobaki katikati bila mwenzake. Fanya vivyo hivyo kwa 5, kisha utoe zile za 15 ulizohesabu mara mbili. Trilioni haikutishi tena.

Jibu sikupi. Akili unde itakupa kwa sekunde, lakini utakuwa umelipia jimu ili mwingine akunyanyulie vyuma. Mimi fumbo la tatu lilinila wikendi nzima, na hakuna aliyeniwekea alama nyekundu. Mwalimu wa Gredi ya 10 anaweza kuandika moja ubaoni kila Ijumaa, hata shule isipokuwa na kompyuta: hizo jozi za 1,002 zinahitaji kalamu tu.