Muziki Usio na Maneno Nao Una la Kusema

Buruji inapolia kambini, mamia ya watu huelewa mara moja wanalotakiwa kufanya, ingawa hapana neno hata moja lililotamkwa. Bendi ya polisi inapopiga Wimbo wa Taifa, uliotungwa na marehemu George Kakoma na kuanza kutumika mwaka wa 1962, kila mtu husimama wima hata kama hapana anayeimba. Kwa hiyo askari na jamaa zake ni wasikilizaji wa siku nyingi wa muziki wa ala tupu. Lakini wakisharudi nyumbani, wengi wao hudai ya kuwa muziki usio na mwimbaji ni mchuzi usio na chumvi. Unapoanza redioni, hutafuta stesheni nyingine.

Dai hilo lafaa lichunguzwe upya, hasa katika kambi za Kampala kama vile Mbuya, Makindye na Nsambya. Katika safu moja ya nyumba huweza kukaa Mwacholi, Mlugbara, Mganda, Mnyankole na Mteso. Wimbo wa Kiluganda humfurahisha mmoja na kumwacha jirani yake akiuliza maana. Hata ndani ya nyumba moja, mume aliyetoka Gulu na mke aliyetoka Masaka huweza kushindana juu ya wimbo wa nani upigwe jioni. Marimba na kinubi havihitaji mkalimani. Wote wawili huanza kusikiliza wakiwa sawa, na watoto wao pia.

Kuanzia kwa kinachojulikana

Mtu anayetaka kujizoeza kusikiliza muziki wa aina hii hana haja ya kuanza na mambo mageni. Na aanze na bendi ya gwaride. Muziki huo una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, watu wa pwani ya Kenya waliziiga bendi za kijeshi wakaunda ngoma ya beni, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliieneza katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Matarumbeta ya jeshi yakawa matarumbeta ya mtaani.

Hatua ya pili ni magitaa ya Kongo. Yule anayesema hapendi muziki usio na maneno, mara nyingi ndiye yule yule anayengoja kwa hamu waimbaji wanyamaze ili sebene ianze. Hapo ndipo gitaa huchukua usukani na wachezaji hujaa ukumbini. Marehemu Nicolas Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico na kufariki mwaka wa 1985, aliheshimiwa kote Afrika kwa vidole vyake, na wala hakusifiwa kwa sauti yake. Msikilizaji akirudia sehemu hiyo peke yake mara mbili tatu, atatambua kwamba magitaa hayapigi jambo moja. Moja hushika mdundo, la pili hujibu, na la tatu hupaa juu yao.

Kutoka hapo saksafoni haiko mbali. Bendi ya Afrigo ya Kampala, iliyoundwa mwaka wa 1975, ina saksafoni ya Moses Matovu ambayo wapenzi wake huitambua kabla hajafungua kinywa kuimba. Isaiah Katumwa naye amejijengea jina kwa chombo hicho hicho. Apendaye tarumbeta na amtafute Hugh Masekela wa Afrika Kusini, ambaye mwaka wa 1968 santuri yake "Grazing in the Grass" ilishika nafasi ya kwanza katika Marekani pasipo mwimbaji.

Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya kambini, yafaa pia kusikiliza taarabu ya Unguja. Katika desturi ya zamani ya vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka wa 1905, hadhara hufunguliwa kwa bashraf. Huo ni muziki wa udi, kanuni na fidla ambao hautiwi maneno. Huwatuliza watu, huwapa nafasi ya kukaa vizuri, na kuwaandaa kwa ushairi utakaofuata. Kwa jioni ya nyumbani, baada ya zamu ndefu, ni vigumu kupata muziki unaofaa zaidi.

Hazina iliyo mlangoni

Baada ya mazoezi hayo, sikio litakuwa tayari kwa muziki wa Uganda yenyewe, ambao ni mgumu zaidi kuliko unavyodhaniwa na wale wanaoupuuza. Amadinda ya Waganda ni marimba yenye mbao 12, zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakielekeana, na kila mmoja hupiga katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Wa tatu hupiga mbao mbili nyembamba za juu tu. Wanapokwenda kwa kasi, msikilizaji husikia lahani ambayo hapana hata mmoja wao anayeipiga peke yake. Askari aliyefunzwa kwata ataelewa upesi ni nidhamu ya namna gani inayotakiwa, kwani mmoja akiteleza, wote watatu huanguka.

Busoga kuna embaire, marimba kubwa zaidi ambayo mbao zake huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume. Katika West Nile Waaluri wana adungu, kinubi cha shingo iliyopinda, ambacho hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kikubwa kikichukua sauti ya besi na kidogo kikichukua lahani. Siku hizi adungu husikika mashuleni na makanisani katika sehemu nyingi za nchi, mbali na kwao.

Wageni waliitambua thamani ya muziki huu mapema. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alirekodi muziki wa makabila mengi kuanzia mwaka wa 1949, na nakala za kazi yake zimerudishwa na kuhifadhiwa Makerere. Katika jumba hilo hilo Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri ya Kabaka, alimfundisha amadinda kijana wa Austria, Gerhard Kubik, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa muziki wa Afrika. Mwaka wa 1992 kikundi cha Kronos Quartet cha Marekani kilitoa santuri iitwayo "Pieces of Africa". Ndani yake mna utunzi wa Justinian Tamusuza wa Uganda, na katika fidla zile nne asikiaye vizuri huisikia Buganda.

Ngoma zilizonyamaza

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo msikilizaji wa Kampala hana budi kuyajua. Katika kasri ya Mengo palikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa ukubwa. Ngoma 12 kati yake zililinganishwa sauti hata zikaweza kupiga lahani kama marimba, zikipigwa na watu wanne, na tatu zilizobaki zilipigwa na watu wawili. Ilikuwa ngoma ya mfalme, nayo haikupigwa ovyo mitaani.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Kanali Idi Amin, yaliishambulia kasri hiyo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafariki London mwaka wa 1969. Katiba ya 1967 ilizifuta falme, na kasri ikageuzwa kambi. Wapigaji wakatawanyika, ala zikaharibiwa, na kwa miongo mingi entenga ikabaki katika kumbukumbu za wazee wachache. Falme ziliporejeshwa mwaka wa 1993, wengi wao walikuwa wamekwisha fariki. Mwalimu James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alisimamia kazi ya kuifufua, na vijana wakaketi tena mbele ya ngoma zile na kujifunza kwa mkono wa mzee.

Bigwala, matarumbeta ya vibuyu ya falme za Busoga, nayo ilikaribia ukingoni. Kila kibuyu hutoa sauti moja tu, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kupiga wimbo. Lazima wawe watano au zaidi. Mwaka wa 2012, UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, mabingwa wazee waliosalia walikuwa 4. Wimbo wa maneno mtu aweza kuuandika katika daftari. Muziki wa namna hii, wapigaji wakiisha, hauna daftari la kuusomea.

Yanayoweza kufanywa nyumbani

Kwa hiyo kusikiliza si anasa ya wenye nafasi. Familia yaweza kutenga jioni moja kwa juma, wimbo mmoja tu. Mara ya kwanza wausikilize bila kazi nyingine mkononi. Mara ya pili kila mtu achague ala moja na kuifuata mpaka mwisho. Mara ya tatu watoto waseme walichosikia, na wazazi wasiwasahihishe upesi, kwani mara nyingi mtoto husikia alichokikosa mtu mzima.

Siku ya mapumziko, Jumba la Makumbusho liko kilimani Kitante, lina ala za kila upande wa nchi za kutazamwa kwa karibu. Huko Ntinda, kundi la Ndere, lililoundwa mwaka wa 1984 na kupewa jina la filimbi, huonyesha ala hizo zikipigwa na wenye kuzijua.

Lakini mwalimu wa kwanza huenda yuko karibu zaidi. Katika kambi nyingi hakosekani sajini au koplo wa makamo aliyekua akipiga adungu, lukeme au filimbi kwao, ambaye hajaombwa hata siku moja kuwaonyesha watoto wa jirani. Siku ya kustaafu atafunga mizigo yake na kurudi kijijini, na alichokijua ataondoka nacho. Yafaa aombwe sasa, wakati nyumba yake bado iko mlango wa tatu.