UCHAMBUZI: Ukubwa wa kioo si uzuri wa bahari, funzo la majumba ya samaki duniani

ALFAJIRI ya Desemba 16, 2022, tangi refu la maji lililosimama katikati ya ukumbi wa hoteli moja jijini Berlin, Ujerumani, lilipasuka ghafla. Takriban lita milioni moja za maji ya chumvi zilifurika hadi barabarani zikizoa milango, viti na vifusi. Samaki wapatao 1,500 walikuwemo, na wengi wao walikufa. Watu wawili walijeruhiwa. Kilichowaepusha wengine ni saa yenyewe: ilikuwa bado kutimu saa kumi na mbili asubuhi, na ukumbi ulikuwa mtupu.

Tangi hilo, lililojulikana kama AquaDom, lilikuwa limesifiwa kwa miaka mingi kuwa kubwa zaidi duniani miongoni mwa matangi yaliyojengwa kwa umbo la mcheduara. Lifti ya vioo ilipita katikati yake ikiwapandisha wageni huku samaki wakiwazunguka. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka wa 2023 haukuweza kubaini kwa yakini chanzo cha mkasa huo.

Mkasa wa Berlin ulirejesha swali ambalo miji mingi inayoshindana kujenga majumba ya samaki hairidhii kuulizwa. Je, ni nini hasa kinachomfanya mgeni atoke katika jumba la aina hiyo akiwa ameridhika, na ni nini kinachomfanya ajutie nauli na kiingilio chake? Swali hili linaihusu Kenya pia, taifa lenye bahari, ziwa kuu na mamilioni ya raia ambao hawajawahi kumwona samaki akiogelea kwake.

Jibu la haraka ambalo wawekezaji wengi hutoa ni ukubwa. Ni kweli kwamba ukubwa una mvuto wake. Jumba la Churaumi katika kisiwa cha Okinawa, Japani, lililofunguliwa mwaka wa 2002, lina dirisha la akriliki lenye urefu wa mita 8.2, upana wa mita 22.5 na unene wa sentimita 60. Nyuma ya dirisha hilo huogelea samaki mkubwa kuliko wote duniani, yule ambaye wavuvi wa Pwani ya Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake kama sarafu.

Marekani ilijibu mwaka wa 2005 kwa kufungua Georgia Aquarium mjini Atlanta, kwa msaada wa dola milioni 250 kutoka kwa tajiri Bernie Marcus. Dubai ikafuata mwaka wa 2008 kwa tangi la lita milioni 10 ndani ya jumba la maduka. Uchina nayo ikawapiku wote mwaka wa 2014 ilipofungua Chimelong Ocean Kingdom karibu na Macau.

Hata hivyo, mshangao wa ukubwa haudumu. Mgeni husimama, hupumua kwa mshtuko, hupiga picha, kisha baada ya dakika chache hutaka kujua anachokiona ni nini. Asipopata jibu, macho huanza kuzoea. Wakenya wengi wanaosafiri Dubai kibiashara wanalijua jambo hili. Kioo kikubwa cha pale huonekana na kila mpita njia madukani bila malipo. Anayelipa kuingia ndani anastahili kupata zaidi ya kile ambacho jirani yake amekwisha kukiona bure.

Isitoshe, ukubwa huja na madeni yake. Papa shilingi wawili wa Atlanta walikufa mwaka wa 2007, chini ya miaka miwili baada ya jumba kufunguliwa, na umma ukaanza kuhoji ikiwa samaki anayevuka bahari kuu anaweza kweli kuishi ndani ya kuta nne. Hilo si swali la wanaharakati pekee. Mzazi aliyemleta mwanawe kustaajabia kiumbe hai hapendi kugundua kwamba amelipia mateso.

Mfano wa upande wa pili ni Monterey Bay Aquarium huko California, Marekani. Jumba hili lilifunguliwa Oktoba 1984 mahali palipokuwa na kiwanda cha kusindika dagaa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 1973, miaka mingi baada ya dagaa wa pwani hiyo kuadimika kutokana na uvuvi wa kupindukia. Badala ya kuificha historia hiyo, waasisi waliijenga ndani ya jumba lenyewe, na mgeni huambiwa waziwazi kwamba mji huu ulikula samaki wake hadi wakaisha.

Tangi lake mashuhuri lina kina cha takriban mita 8.5, na ndani yake umeota msitu wa mwani mrefu wa aina inayomea katika ghuba iliyo nje ya dirisha. Tangi liko wazi juu ili mwanga wa jua uingie, na mtambo maalumu huyasukuma maji yayumbe kama mawimbi, kwa kuwa mwani huo haustawi katika maji yaliyotulia. Maji yenyewe huvutwa kutoka baharini. Mchana huchujwa ili wageni waone vizuri. Usiku huachwa yaingie bila kuchujwa, yakibeba vijidudu na mayai ya viumbe vinavyojipandikiza vyenyewe kwenye miamba ya tangi.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mgeni wa Monterey hajui habari za pampu na vichujio, lakini anahisi tofauti. Anachokitazama si pambo lililopangwa kama maua ya plastiki, ni kipande cha bahari kinachoishi. Akitoka nje anaiona ghuba ile ile, na sasa anajua kilichomo ndani yake.

Jumba hilo pia lilionyesha kwamba kujua mpaka ni sehemu ya heshima. Mwaka wa 2004 lilifaulu kumweka papa mweupe mchanga kwa siku 198 kabla ya kumrudisha baharini. Wageni walifurika kumwona. Wengine kadhaa walifuata, lakini baada ya mwaka wa 2011 mpango huo ulikomeshwa.

Kinachovunja moyo wageni, kwa hivyo, si udogo wa jumba. Ni vioo vyenye ukungu na mikwaruzo, matangi matupu yasiyo na maelezo, vibao vyenye jina la Kilatini tu, msongamano unaomfanya mtoto aone migongo ya watu badala ya samaki, na njia iliyopangwa kumwongoza mgeni kwenye duka la vikaragosi kabla hajajifunza lolote. Kubwa kuliko yote ni mnyama anayezunguka pale pale kutwa nzima kama mfungwa. Hata asiyesomea sayansi humtambua kiumbe aliyechoka.

Viwango vya umma vimebadilika pia. Baada ya filamu ya Blackfish ya mwaka wa 2013 kufichua maisha ya nyangumi aina ya orka wanaofugwa kwa maonyesho, kampuni ya SeaWorld ya Marekani ilikumbwa na shutuma kali. Mwaka wa 2016 ilitangaza kwamba haitawazalisha tena. Bustani mpya yenye jina hilo ilipofunguliwa Abu Dhabi mwaka wa 2023, haikuwa na orka hata mmoja. Soko lenyewe lilikuwa limetoa uamuzi.

Afrika haijabaki nyuma katika mjadala huu. Two Oceans Aquarium mjini Cape Town, lililofunguliwa mwaka wa 1995, si kubwa likilinganishwa na yale ya Asia. Lakini limejengwa juu ya wazo moja linaloeleweka upesi: Afrika Kusini imepakana na bahari mbili, ya Hindi na ya Atlantiki, na kila moja ina viumbe vyake. Mwaka wa 1997 lilimpokea kasa mdogo aliyeletwa na meli ya uvuvi ya Kijapani. Kasa huyo, aliyepewa jina Yoshi, aliishi hapo miaka 20. Alipoachiliwa Desemba 2017 akiwa na kifaa cha kumfuatilia kwa setilaiti, aliogelea zaidi ya kilomita 35,000 na kufika pwani ya Australia mwaka wa 2020. Hakuna kioo, hata kiwe na unene gani, kinachoweza kununua hadithi kama hiyo.

Je, Kenya inajifunza nini? Kwanza, ni kwamba samaki wetu tayari wanatazamwa, ila si na sisi. Kwa miongo kadhaa wapiga mbizi wa Pwani wamekuwa wakinasa samaki wa mapambo wa kuuzwa ng'ambo. Furu wa Ziwa Victoria, jamii ya samaki wadogo walioangamizwa kwa wingi baada ya mbuta kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, walifugwa katika majumba ya Marekani na Ulaya ili wasitoweke kabisa. Mtoto wa Boston aliweza kumwona samaki ambaye mtoto wa Kisumu amesikia habari zake kwa babu yake tu.

Pili, hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa tangu mwaka wa 1968, lakini kuyaona matumbawe yake kunahitaji mashua, kiingilio na ujuzi wa kuogelea. Mwanafunzi wa bara, na hata wengi waliozaliwa hatua chache kutoka ufuoni, hawana vyote vitatu. Hapo ndipo jumba la samaki lina hoja ya haki: ni bahari ya yule asiyeweza kupiga mbizi.

Lakini likija kujengwa, halipaswi kuwa nakala ya Dubai. Gharama kubwa si ya kujenga, ni ya kuendesha. Pampu zikizimika kwa sababu ya kukatika kwa umeme, hewa ndani ya maji hupungua na samaki huanza kufa katika muda mfupi. Kaunti ambayo haiwezi kuhakikisha umeme wa akiba, daktari wa mifugo na mishahara ya walezi haina sababu ya kuagiza vioo vya mamilioni.

Mfano ulio karibu zaidi uko Nungwi, Zanzibar, ambako bwawa la asili miongoni mwa mawe hujazwa na maji kujaa, na kasa hutunzwa humo na wenyeji. Nchini, vijiji kama Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi vimeonyesha kwamba wavuvi wakiachiwa usukani wanaweza kulirejesha eneo la bahari lililochoka. Kazi iliyowapa Tuzo ya Ikweta mwaka wa 2017. Jumba dogo linalotumia maji ya bahari ya papo hapo, lenye vibao vinavyotaja chewa, tasi, pono na mkunga kwa majina yao, na lenye mvuvi mstaafu kama mwelezaji, lingemfaa mwanafunzi wa Kenya kuliko mnara wa vioo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Majumba yanayodumu katika kumbukumbu za wageni ni yale yaliyoanza kwa kuuliza bahari yao inataka kusema nini, kisha yakapima tangi kulingana na jibu. Yale yaliyoanza kwa kupima tangi yamebaki na kazi ya kutafuta kitu cha kuweka ndani, na siku kioo kinapopasuka, ni samaki wanaolipa.