Chanjo kwanza, safari baadaye
Mwandishi, asante, lakini kusema Shelisheli haiwadai Wanijeria viza kisha ukaishia hapo ni kuwaponza watu. Wanijeria, kama sisi Wakongo, wanatoka nchi yenye homa ya manjano. Bila cheti cha chanjo hawaingii Shelisheli. Dada mmoja wa mtaani kwetu, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, alizuiwa uwanja wa ndege sanduku likiwa tayari kwenye mizani, kwa sababu muhuri wa chanjo ulikuwa wa wiki ileile. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano! Na wewe ndugu unayesema kwenye maoni hapo juu kwamba chanjo hurudiwa kila miaka 10, tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Jamani, chanjeni mapema, kisha ombeni mtandaoni kibali cha kuingia Shelisheli, mkiwa na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi.